Kilo moja ya mkaa, kilo tatu za hewa ukaa

Ikifika Juni, Lilongwe, mji mkuu wa Malawi, huingiwa na baridi ambayo mtu aliyezaliwa Uvira au Bujumbura huwa hakuitazamia. Mji umekaa kiasi cha mita 1,050 juu ya usawa wa bahari, na kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, iliyoko wilaya ya Dowa, kilomita 40 na ushei kaskazini mwa mji, imekaa mahali pa wazi panapopigwa na upepo. Basi jioni, ugali umeshaliwa na sufuria zimeoshwa, jiko lililobaki na makaa mekundu huingizwa ndani. Mlango hufungwa, kitambaa kikasukumwa chini yake ili baridi isipenye, na watoto wakalazwa upande wenye joto. Ndivyo wanavyofanya wapangaji wengi wa mtaa wa Kawale mjini, ndivyo wanavyofanya Dzaleka, na kusema kweli ndivyo wanavyofanya watu wa Njombe, Limuru na Bukavu. Mkaa uliokwisha kukolea hautoi moshi, na watu wetu wamezoea kuogopa moshi tu.

Gesi inayoua katika chumba hicho haina moshi, haina harufu, haina rangi wala ladha. Nataka tuitazame kwa utulivu, kwa sababu anayeelewa gesi hiyo inazaliwaje ataelewa pia kwa nini gunia la mkaa haliishi kumtoza, kwa nini mto Lilongwe unapungua, na kwa nini katika mikutano ya tabianchi mama wa Kawale mwenye jiko moja la bati anatajwa pamoja na wenye viwanda. Mambo hayo yote yanaanzia sehemu moja, nayo ni jinsi kaboni inavyoshikana na oksijeni.

Mkaa mzuri, kwa uzito wake, ni kaboni sehemu 80 hivi kati ya 100. Kilichobaki ni unyevu, majivu na masalia ya gesi ambazo hazikumalizika kutoka tanurini. Atomi ya kaboni ina uzito wa 12 kwa kipimo cha wanakemia, na ya oksijeni ina 16. Moto ukipata hewa ya kutosha, kila atomi ya kaboni hujishika na atomi mbili za oksijeni, na kinachozaliwa ni hewa ukaa, yenye uzito wa 44. Kaboni iliyoingia ilikuwa 12. Zile 32 zote zimetoka hewani. Ndiyo sababu kilo moja ya mkaa ikiteketea yote hutoa karibu kilo tatu za hewa ukaa. Hakuna kilichoumbwa upya wala kilichopotea. Ni kwamba sehemu kubwa ya vitu vinavyoshiriki katika moto haiuzwi sokoni. Mnunuzi amelipia mkaa, na oksijeni amepewa bure na Mungu.

Bure, lakini si bila kikomo. Kilo moja ya mkaa huhitaji oksijeni yote iliyomo katika mita za ujazo 9 hivi za hewa. Chumba cha mita tatu kwa tatu, chenye kimo cha mita mbili na nusu, kina mita za ujazo 22 na nusu tu, na humo humo wamelala watu wanne au watano wanaopumua. Kilichozibwa mlangoni ili baridi isiingie kimeizuia na oksijeni.

Kaboni inapokosa oksijeni ya kutosha haiachi kuungua. Hujishika na atomi moja badala ya mbili, na kinachotoka ni kabonimonoksaidi. Tena jambo hili hutokea hata katika jiko linaloonekana kuwaka vizuri. Hewa huingia chini, ikakutana na makaa ya kwanza na kugeuka hewa ukaa. Hewa ukaa hiyo inapanda juu, inapita katikati ya makaa mengine yenye joto kali, nayo makaa hayo huinyang'anya atomi moja ya oksijeni. Molekuli moja ya hewa ukaa na atomi moja ya kaboni huwa molekuli mbili za kabonimonoksaidi. Zikifika juu ya jiko na kukuta hewa mpya huku joto likiwa bado kali, huungua tena. Ule mwali mdogo wa buluu unaochezacheza juu ya makaa ndio huo, kabonimonoksaidi inamaliza safari yake na kuwa hewa ukaa. Ukiuona mwali wa buluu, sehemu ya sumu inateketea. Makaa yakianza kufifia, yakafunikwa na majivu, au sufuria pana ikakandamizwa juu yake, mwali unazimika na gesi inaingia chumbani kama ilivyo. Kwa hiyo saa ya hatari zaidi ni ile ambayo mama wa nyumba anaona moto umetulia na anaweza kulala.

Sasa tazama hesabu ya joto. Kilo moja ya kaboni ikigeuka yote kuwa hewa ukaa hutoa megajuli 33 hivi. Ikiishia kwenye kabonimonoksaidi hutoa megajuli 9 tu. Zaidi ya theluthi mbili za joto zimebaki ndani ya gesi hiyo, hazijatumika. Gesi inayomuua mtoto usingizini ni kuni ambazo hazijaungua, ni joto ambalo familia ililipia kwa kwacha zake ikalikosa. Afya na mfuko wa familia hapa vinadai kitu kimoja, nacho ni hewa. Sijui ukweli mwingine wa kemia wenye faida ya haraka zaidi kwa mtu maskini kuliko huo, na naona ni dhuluma kwamba unaachwa kwenye madaftari ya sekondari wakati unahitajika jikoni.

Mwilini, kabonimonoksaidi hufuata njia ya oksijeni. Huingia mapafuni, ikavuka kwenda kwenye damu, ikajishika na hemoglobini, ile protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni. Shida ni kwamba hemoglobini huipenda kabonimonoksaidi zaidi ya mara 200 kuliko inavyoipenda oksijeni. Kiasi kidogo hewani kinatosha kuikalia damu polepole usiku kucha. Mtu huanza kuumwa kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, kisha uzito wa viungo. Malawi, kama kwetu kote, dalili hizo mtu huzipa jina la malaria au la chakula kibovu. Akinywa dawa na kurudi kulala katika chumba kile kile, anarudi kwenye sumu. Mjamzito yuko katika hatari mara mbili, kwa kuwa gesi huvuka hadi kwa mtoto tumboni. Dalili inayopaswa kumshtua mtu ni hii: wakiamka watu wawili au watatu wa nyumba moja na kichwa kile kile, asubuhi ile ile, na jiko lililala ndani, basi watoke nje kwanza. Kisha waende hospitali na waseme waziwazi kwamba walilala na jiko, maana mgonjwa wa namna hiyo anahitaji kuongezewa oksijeni na mganga hawezi kukisia.

Wakazi wengi wa Dzaleka wametoka Kongo ya mashariki, na wale wa upande wa Goma wanaijua tayari gesi isiyoonekana. Kandokando ya Goma na ziwa Kivu, hewa ukaa inayotoka ardhini, chini ya milima ya Nyiragongo na Nyamulagira, hujikusanya kwenye mabonde na mashimo. Wenyeji huiita mazuku. Mbuzi huingia bondeni asubuhi asirudi; mtu anayemfuata naye huanguka. Hewa ukaa ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, ndiyo maana hulala chini, na mtu mzima aliyesimama anaweza kupita mahali ambapo mtoto wake angezimia. Ziwa lenyewe limefungia chini ya maji yake kiasi cha kilomita za ujazo 300 za hewa ukaa na 60 za methani. Rwanda inaivuta methani hiyo karibu na Kibuye na kuzalisha megawati 26 za umeme kwenye mtambo wa KivuWatt. Kule Kameruni, ziwa Nyos lilipoitapika hewa ukaa yake usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, watu wapatao 1,700 walikufa.

Nayataja hayo kwa sababu mtu aliyekulia kwenye mazuku anaweza kuja Malawi na kanuni ya mazuku kichwani: kaa juu, lala kitandani, usilale chini. Kwa kabonimonoksaidi kanuni hiyo haimsaidii. Uzito wa molekuli yake ni 28 na wa hewa ya kawaida ni 29 hivi, karibu sawasawa. Haipandi wala haishuki. Huchanganyika na kujaza chumba kizima, kitandani na sakafuni. Dirisha lililo wazi humsaidia mtu zaidi kuliko kitanda kirefu, na jiko kukaa nje kunamsaidia kuliko dirisha.

Twende sasa mkaa unakotoka. Kusini magharibi mwa Lilongwe uko msitu wa hifadhi wa Dzalanyama, uliotengwa mwaka 1922, wenye ukubwa wa karibu hekta 99,000, na mto Lilongwe unaanzia humo. Maji ya mabwawa ya Kamuzu, yanayonywewa mjini, Kawale ikiwemo, yanatoka kwenye mto huo. Miti yake ni ya miombo, jamii ile ile inayoenea hadi Tabora na Katanga. Kwa miaka mingi mkaa umekuwa ukitoka huko kwenda mjini kwa baiskeli, magunia yamefungwa nyuma hadi yanampita mwendeshaji kimo. Serikali ilitoa mkakati wa taifa wa mkaa wa 2017 hadi 2027, sheria ya misitu ikarekebishwa mwaka 2020 ikaongeza adhabu kwa anayechoma bila kibali, na wanajeshi waliwahi kupelekwa kuulinda Dzalanyama. Mkaa haukukoma kuingia mjini. Zaidi ya kaya 9 kati ya 10 nchini Malawi hupikia kuni au mkaa, na soko la ukubwa huo halizibwi na kizuizi cha barabarani.

Tanuri la udongo hufanya kazi kwa kuunyima mti oksijeni kwa makusudi. Magogo hupangwa, yakafunikwa majani na udongo, moto ukatiwa upande mmoja. Ndani, kwenye joto la nyuzi 400 hadi 500, maji hutoka kwanza, kisha mti hujivunja wenyewe: hutoka mvuke wa lami, siki ya mti, kabonimonoksaidi, haidrojeni, methani. Hicho ndicho kile kitambaa cha moshi wa manjano na mweupe kinachoonekana kwa mbali juu ya msitu. Kinachobaki ni kaboni. Mchomaji stadi, mwenye magogo makavu na subira, anaweza kupata kilo 20 za mkaa kutoka kilo 100 za kuni. Anayechoma usiku kwa hofu ya kukamatwa, kwa magogo mabichi na tanuri la haraka, hupata 10. Katika hili sheria iliyokusudiwa kuulinda msitu inaweza kuugharimu, maana mtu anayekimbizwa huchoma vibaya, na akichoma vibaya anahitaji miti mara mbili.

Tufanye hesabu ya gunia moja la kilo 50, tuseme kwa tanuri la wastani linalotoa kilo 15 kwa kila 100. Zimekatwa kilo 333 za kuni. Humo mlikuwa na megajuli 5,000 hivi za nishati. Kwenye gunia zimefika megajuli 1,450. Nyingine zimeishia hewani Dzalanyama. Jiko la bati la kawaida hupeleka kwenye sufuria sehemu 20 hivi kati ya 100 za joto la mkaa. Kwa hiyo kati ya nishati yote ya mti ule, maharage yamepata sehemu 6 tu kati ya 100. Gunia lenyewe likiungua lote litatoa kilo 147 za hewa ukaa, mbali na gesi za tanuri. Na methani ya tanuri ni nzito kwa hesabu ya tabianchi: kilo moja yake hupasha dunia joto mara 28 hivi zaidi ya kilo moja ya hewa ukaa, ukipima kwa miaka 100.

Maharage yenyewe yanastahili kutajwa, kwa sababu ndiyo yanayomaliza mkaa kuliko chakula kingine chochote. Kwenye kimo cha Lilongwe maji huchemka kwenye nyuzi 96 na nusu, si 100, na kila nyuzi inayopungua hurefusha upishi. Kuongeza moto hakupandishi joto hilo. Maji yakishachemka, moto wa ziada unafukuza mvuke tu. Na mvuke ni ghali: kuichemsha lita moja ya maji kutoka kwenye ubaridi wa kawaida hutumia megajuli 0.3 hivi, lakini kuigeuza lita hiyo hiyo yote kuwa mvuke hutumia megajuli 2.26, mara saba. Kifuniko cha sufuria, maharage yaliyolowekwa usiku kucha, na moto uliopunguzwa mara yanapoanza kuchemka huokoa mkaa mwingi kuliko mtu anavyodhani. Mama zetu wengi wanayafanya haya bila kuhitaji hesabu yangu. Niwape haki yao.

Malawi imejitahidi kwa upande wa majiko. Jiko la udongo uliochomwa liitwalo Chitetezo, linalofinyangwa na vikundi vya wanawake vijijini, limeenea nchi nzima, na mwaka 2013 serikali ya Joyce Banda ilitangaza lengo la majiko bora milioni 2 kufikia 2020. Ni jiko zuri la kuni, linatumia kuni chache kuliko mafiga matatu. Lakini kupunguza kuni ni jambo moja, na kuokoa mapafu ni jingine. Desemba 2016 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Malawi yenyewe, Chikwawa kusini na Karonga kaskazini, kwa watoto zaidi ya 10,000 wa chini ya miaka mitano. Kaya za upande mmoja zilipewa majiko ya kisasa yenye feni ndogo inayosukuma hewa motoni. Za upande wa pili ziliendelea na moto wa wazi. Watafiti walitarajia homa ya mapafu ipungue. Haikupungua. Majeraha ya moto kwa watoto yalipungua kwa zaidi ya theluthi, na hiyo si faida ndogo, lakini mapafu yalibaki vilevile. Maelezo yaliyotolewa yanaingia akilini: mtoto havuti moshi wa jiko la mama yake peke yake. Kuna moshi wa jirani, wa takataka zinazochomwa, wa tumbaku, wa matofali. Hewa haina ua.

Dzaleka hilo linaonekana wazi kuliko mahali pengine. Palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa Kamuzu Banda. Mwaka 1994 pakawa kambi ya wakimbizi, iliyopangwa kwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo wapo zaidi ya 50,000, Wakongo wakiwa wengi, kisha Warundi na Wanyarwanda. Nyumba zimebanana, na jiko la huyu liko hatua chache kutoka mlango wa yule. Mkimbizi hana shamba la miti, na kuni za vijiji jirani ni mali ya wanakijiji ambao nao haziwatoshi. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini, na wengi waliokuwa na maduka Lilongwe waliyafunga. Siasa za uhamiaji nitawaachia wengine. Kwa upande wa nishati matokeo yake hayafichiki: familia zilizokuwa na kipato cha kununua mtungi wa gesi au kulipia umeme zimewekwa mahali ambapo kilichopo ni kuni na mkaa, na watu wameongezwa kwenye eneo lile lile la miti. Ukimzuia mtu kufanya kazi, unamrudisha kwenye mafiga.

Je, njia nyingine zipo? Zipo, kila moja na hesabu yake.

Umeme wa Malawi hutoka zaidi kwenye maporomoko ya mto Shire, Nkula, Tedzani na Kapichira, na maji yanayozungusha mtambo hayachomi kaboni. Lakini tufani Ana ilipopiga Januari 2022 iliharibu bwawa la Kapichira na kuondoa karibu megawati 130, na ilichukua zaidi ya mwaka mmoja mtambo kurudi kazini. Machi 2023 ikaja tufani Freddy, na kwa kuhesabu waliokufa na waliopotea moja kwa moja, Malawi ilipoteza watu zaidi ya 1,000. Mitambo ya jua ya Salima, megawati 60, na Golomoti, megawati 20 pamoja na betri zake, imesaidia, lakini nyumba nyingi za nchi bado hazina waya wa umeme, na walio nao hawawezi kuutegemea kwa kupika maharage ya saa tatu.

Gesi ya mitungi ni propani na butani. Kilo moja yake nayo hutoa karibu kilo tatu za hewa ukaa, sawa na mkaa. Tofauti iko kwenye joto. Kilo ya gesi ina megajuli 46 hivi ambapo ya mkaa ina 29, na jiko la gesi hufikisha kwenye sufuria zaidi ya nusu ya joto lake, wakati la bati hufikisha moja ya tano. Chakula kile kile kikipikwa kwa gesi, hewa ukaa inayotoka ni karibu robo ya ile ya mkaa, kabla hata ya kuhesabu tanuri na mti. Sumu ya chumbani nayo ni kidogo mno iwapo mwali ni wa buluu safi. Wanaotoka Goma wakumbuke jambo moja: gesi hii ikivuja ni nzito kuliko hewa, hulala sakafuni kama mazuku, na hushika moto. Harufu kali inayosikika imetiwa kiwandani makusudi ili ivujapo ijulikane. Ukiisikia, fungua mlango na usiwashe kitu.

Kisha kuna ethanoli, na hapa Malawi ina historia ya kujivunia. Tangu 1982 nchi inachanganya ethanoli kwenye petroli, ikitengenezwa Dwangwa wilayani Nkhotakota kutokana na molasi ya miwa, na tangu 2004 Chikwawa pia. Hamira huigawa molekuli moja ya glukosi kuwa mbili za ethanoli na mbili za hewa ukaa. Ethanoli ikiungua hutoa hewa ukaa nyingine. Yote hiyo muwa uliinyonya hewani msimu uliopita, na muwa wa msimu ujao utainyonya tena.

Hapo ndipo ilipo tofauti ambayo watu wengi hawaelezwi. Kaboni ya muwa na ya mti inazunguka kati ya hewa na majani. Mti ukikatwa na mwingine ukaota mahali pake, deni linalipwa. Miombo huchipua upya kutoka kwenye kisiki ikiachwa ipumzike. Deni linabaki pale msitu unapokatwa kuliko unavyoota, kama Dzalanyama, au unapogeuzwa shamba. Kaboni ya makaa ya mawe na mafuta ilikuwa imezikwa kwa mamilioni ya miaka, na inapochimbwa na kuchomwa haina mti wa kuirudia. Mwaka 1958, kipimo kilipoanza kuchukuliwa juu ya mlima Mauna Loa kule Hawaii, hewani mlikuwa na sehemu 315 hivi za hewa ukaa katika kila milioni. Sasa zimepita 420. Kabla ya zama za viwanda zilikuwa 280. Mmalawi mmoja, kwa mafuta na makaa ya mawe, hutoa kiasi cha tani 0.1 ya hewa ukaa kwa mwaka. Wastani wa dunia ni karibu tani 4.7, na Mmarekani mmoja hutoa tani 14 hivi.

Kwa hiyo napata uchungu ninapoona majiko ya Waafrika yakigeuzwa bidhaa ya kusafishia hesabu za wengine. Mtindo ni huu: kampuni inagawa majiko bora, inakadiria hewa ukaa iliyookolewa, kisha inauza makadirio hayo kwa kampuni ya mbali inayotaka kuendelea kuchoma mafuta. Malawi ni mojawapo ya nchi zilizojazwa miradi hiyo. Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha katika jarida la Nature Sustainability kwamba miradi ya majiko waliyoichunguza ilijihesabia, kwa wastani, mara 9 ya hewa ukaa iliyookolewa kweli. Makadirio yalichukulia kwamba jiko jipya linatumika kila siku na la zamani limetupwa, jambo ambalo yeyote aliyewahi kupikia watu wanane analijua si kweli. Siyapingi majiko. Napinga kilo za hewa ukaa zilizobuniwa mezani, kwa sababu anga haidanganyiki: 12 ya kaboni na 32 ya oksijeni ni 44, popote inapochomwa na yeyote aliyeichoma.

Fedha za kaboni zikija Malawi, zilipie vitu vinavyoonekana na kupimika. Zipunguze bei ya mtungi wa kwanza wa gesi, zilipie waya wa umeme hadi Kawale na hadi Dzaleka, zipande miti ambayo wakimbizi na wanakijiji wa Dowa watamiliki kwa pamoja, na ziwafundishe wachomaji wenye vibali tanuri linalotoa kilo 25 au 30 kwa kila 100 za kuni. Tanuri la namna hiyo lipo, ni la matofali au chuma, na kila linapochukua nafasi ya lile la udongo wa haraka, zaidi ya nusu ya miti inabaki imesimama.

Wakati tukiyasubiri hayo, Juni itarudi. Kwako unayesoma ukiwa Kawale, Dzaleka au penginepo pa baridi: pika nje au mlango ukiwa wazi, ota moto kabla ya kulala, kisha toa jiko nje kabisa, hata kama makaa yanaonekana yamezimika. Mpe mtoto blanketi la pili. Mwambie na jirani mpya aliyefika wiki hii, kwa lugha atakayoielewa.